Kinywaji cha Shemeji Klaudia

Alhamisi, 6 Juni
Jumapili wazazi wa mchumba wa binti yetu wanakuja kutoka Muleba kupanga siku ya harusi. Tulipokwenda kwao, Mzee Kahangwa alitupa rubisi, pombe ya ndizi ya kwao, ambayo mke wangu anaisifia mpaka leo. Mbele yangu!

Dawa ninayo. Klaudia, mdogo wa mke wangu, amehudumia kaunta ya hoteli Mwanza miaka kumi. Jioni ametuchanganyia jini na kileo kitamu cha mitishamba. Hakutikisa. Alizungusha kijiko kirefu taratibu, barafu hata haikugonga glasi. Mkono ule! Nilikunywa nikaomba cha pili.

Jumapili nitakoroga mimi. Nitasema nimekibuni mwenyewe.

Ijumaa, 7 Juni
Klaudia kakubali kunifundisha. Anasema siri ni subira. Nimemwambia subira ninayo, afanye haraka.

Jumamosi, 8 Juni
Nimeonja chupa ya mitishamba ili niielewe. Nimeielewa yote. Imeisha.

Si neno. Nimechemsha mchaichai, asali na omubilizi, yale majani machungu aliyotunywesha bibi tukishikwa na homa. Rangi ya kijani safi kabisa! Klaudia nitamwambia baadaye.

Jumapili, 9 Juni
Nimewakaribisha wageni kwa hotuba fupi kuhusu ubunifu wangu. Nikakoroga kwa nguvu, nusu ikaruka mezani. Mzee Kahangwa akanywa. Akavua kofia. Akauliza kwa upole, "Mkwe, kwani nani anaumwa?"

Mke wangu akatazama dari. Nikaiona harusi ikirudi Muleba.

Klaudia akaja bila kuitwa. Akamwaga yote, akachukua jini iliyobaki, asali kidogo, mchaichai mbichi, ganda la limau. Akakoroga. Sebule nzima ikamtazama. Mzee akanywa, akafumba macho, akauliza ni kazi ya nani.

"Ni ya shemeji," Klaudia akajibu. "Mimi nimemalizia tu."

Nilikwenda jikoni kufuta macho. Moshi, nikawaambia. Tunapikia gesi.

Harusi ni Agosti.

Jumatatu, 10 Juni
Mzee Kahangwa kapiga simu. Anaomba siku ya harusi nikoroge kile kile, watu mia tatu. Klaudia kasema huu ndio wakati wa kumwambia ukweli.

Nimekubali kazi. Nimeazima pipa na mwiko mkubwa. Klaudia nimemwambia siku hiyo akae na wageni, apumzike. Subira nitakuwa nayo mimi.