Mweka Hazina Yuko Gari la Mwisho

Mungu akiamua kumfundisha mtu, mara nyingi huanza kwa kumpa alichoomba. Na jioni ile, akiwa ameegemea baiskeli yake kando ya kituo cha mafuta, Sawasawa alikuwa anaomba mgeni. Hakuwa na tamaa ya mgeni mkubwa. Alitaka mgeni wa kiasi tu, mwenye uchovu machoni na asiyeujua mji.

Ndipo likaja basi. Lilikuwa basi kuukuu lililostaafu kubeba abiria na kugeuzwa nyumba: mapazia ya maua madirishani, bomba la moshi juu ya paa, na nyuma kamba ya kuanikia nguo ambayo bado ilining'iniza soksi moja. Lilisimama huku likihema. Mlangoni akatokea bibi mnene mwenye miwani, akaangalia huku na huku kama mtu anayetafuta choo lakini anaona haya kuuliza.

"Sawasawa," mtu wetu akasema moyoni, na hilo ndilo neno lililompa jina. Ukimwambia mvua inakuja, sawasawa. Ukimwambia umeibiwa, sawasawa. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa limebaki kwenye cheti cha ubatizo na kinywani mwa dada yake akikasirika.

Na wiki ile dada yake alikuwa amekasirika tangu Jumatatu. Alikuwa mjane, mfua mashuka wa hospitali, na chumba cha uani kwake ndicho Sawasawa alichokuwa akilala bila kutoa hata kipande cha sabuni. Sasa binti wa dada huyo alikuwa anakuja na mtoto mchanga.

"Kesho jioni nakitaka chumba," dada alikuwa amesema asubuhi. "Kichanga kina haki kuliko jitu zima lisilo na kazi."

"Kazi ninayo, dada."

"Kazi gani?"

"Ya ushauri."

"Basi jishauri pa kulala."

Hivyo usimwone Sawasawa akitabasamu pale kituoni ukadhani ana raha. Alikuwa na usiku mmoja wa kupata kodi ya chumba kipya, au kesho yake angelala na mbuzi wa jirani, kama mbuzi wangekubali.

Alimwendea yule bibi, kofia mkononi. "Shikamoo, mama. Safari imewachosha."

"Marahaba, mwanangu. Tunatafuta pa kulala. Si sisi, sisi kitanda tunacho. Tunatafuta pa kulaza gari."

Alikuwa mkunga aliyestaafu. Mumewe, fundi saa aliyekonda kama mshale wa dakika, alikaa kwenye usukani bila kusema neno. Walikuwa wanakwenda kumwona mjukuu wao wa kwanza, safari ya kuvuka nchi nzima, wakilala popote giza lilipowakuta.

"Tulidhani tulale hapa hapa kituoni," bibi akasema.

Sawasawa akashika kifua. "Hapa? Mama, hapa wanafyonza dizeli huku umelala. Utaamka ukute gari limekonda kuliko baba huyu."

"Kanisani je? Nimeona uwanja."

"Uwanja mzuri. Ila kengele yake inapigwa na mzee kiziwi. Anapiga mpaka aisikie."

"Kule mtoni?"

"Mto ule hufurika bila kubisha hodi."

"Basi kituo cha polisi."

Sawasawa akashusha sauti. "Mama, magari nimeyaona yakiingia pale. Sijawahi kuliona hata moja likitoka."

Bibi akamtazama juu ya miwani yake, akamtazama kwa muda, jinsi wakunga wanavyomtazama mama anayedai uchungu haujaanza. Kisha akatabasamu. "Wewe unayajua mambo, mwanangu. Tupeleke unakokujua wewe."

Alikokujua kulikuwa kiwanda cha mbao kilichofungwa, nyuma ya reli. Kilikuwa na ua mpana, ukuta imara na kibanda cha mlinzi kisicho na mlinzi. Kwamba kiwanda hakikuwa chake, hilo Sawasawa aliliona jambo dogo. Mwenyewe alikuwa mzee aliyehamia upande wa pili wa mji na hakuwa amekanyaga pale tangu misumeno iliponyamaza. Mpango ulikuwa mwepesi, na Sawasawa alikuwa ameshawaonjesha wenye malori kadhaa: kuingia bei ya karanga, kutoka bei ya ng'ombe. Jioni unampokea mgeni kwa heshima. Asubuhi anakuta lango limefungwa kwa mnyororo, na wewe unamweleza, kwa huzuni kubwa, habari za ada ya kutoka.

Walipofika, fundi saa aliligeuza basi taratibu mpaka pua yake ikaelekea langoni. "Ndivyo tunavyolaza gari siku zote," bibi alieleza. "Uso nje, kisogo ndani. Sasa, mwanangu, bei tutaelewana. Lakini niulize: uwanja huu unaingiza magari mangapi?"

"Kwa nini, mama?"

"Sisi tumetangulia tu. Nyuma yetu kuna msafara. Ni chama cha wastaafu, kila mmoja na nyumba yake ya magurudumu. Kesho asubuhi watakuwa darajani. Nikiwaambia mahali ni salama, wanakuja. Nikiwaambia si salama, wanapita."

Moyo wa Sawasawa uliruka kama chura. Msafara! Ng'ombe mmoja alikuwa amegeuka zizi zima. "Waambie waje, mama. Hapa ni salama kama tumboni mwa mama mzazi."

"Nimezalisha sana," bibi akasema. "Hata huko si salama sana. Tuangalie kwanza." Akaanza kuukagua ua mikono nyuma. "Lango hili linaning'inia kama jino la mtoto. Majani haya yanafika magotini. Wenzangu wanaogopa nyoka. Maranda haya yakishika moto tutakuwa mishikaki. Na taa iko wapi?"

"Vitarekebishwa, mama."

"Lini?"

Sawasawa akaliangalia jua, akauwaza msafara. "Sasa hivi."

Tamaa ni msimamizi mkali kuliko wote, na haina siku ya mapumziko. Mtu ambaye dada yake hajawahi kumwona akishika ufagio alifyeka majani, akazoa maranda, akafagia ua kutoka ukutani hadi ukutani. Alikwenda kwa dada yake kupitia dirishani, akarudi na kandili, birika na godoro la kulalia kibandani. Kisha akamfuata fundi wa kuchomelea mtaa wa pili.

"Bawaba mbili na kufuli jipya," fundi akasema. "Utanilipa nini? Maneno yako ninayo mengi, yamejaa dukani."

"Chukua baiskeli."

Fundi akaacha kucheka. Baiskeli ile ndiyo ilikuwa miguu ya Sawasawa, ofisi yake, na mara nyingi wokovu wake. "Ni yako au ya mtu?"

"Yangu kabisa."

"Unaumwa?"

"Kesho nitanunua pikipiki. Twende, jua linazama."

Lango likachomelewa, likafunga kwa mlio mzito wa kupendeza. Sawasawa akatia kufuli, akatia ufunguo mfukoni, na kwa mara ya kwanza siku ile akapumua. Bibi akanyoosha kiganja.

"Ufunguo, mwanangu."

"Ufunguo nakaa nao mimi, mama. Ndiyo kazi ya mlinzi."

"Ufunguo wa mahali ninapolala hulala chini ya mto wangu. Wenzangu wataniuliza jambo hilo kwanza. Nitawaambia nini?"

Hapo Sawasawa aliupima mzigo wake. Bila ufunguo hakuna ada ya kutoka. Lakini mvuvi gani humlilia dagaa aliyemtia kwenye ndoana? Huyu alikuwa chambo. Papa walikuwa darajani. Akatoa ufunguo. "Na malipo ya usiku wa leo, mama?"

"Tutalipa pamoja, kama chama. Mweka hazina yuko gari la mwisho."

"Sawasawa," akasema Sawasawa.

Kabla ya kulala wale wazee walisimama mlangoni pa basi, wakashikana mikono, na bibi akaomba. Aliombea mjukuu, akaombea barabara na matairi, kisha akasema: "Na huyu mlinzi wetu, Bwana, umbariki. Umwondolee usingizi." Sawasawa akaitikia Amina kwa sauti kuu, asijue anachotia sahihi.

Maombi mengine huchukua miaka kujibiwa. Hilo lilijibiwa papo hapo. Kila alipoegemea godoro la dada yake alisikia kitu: paka, bati, upepo. Mara akasikia miguu. Alikuwa Nyundo, mjanja mwenzake, ameketi juu ya ukuta na mpira wa kufyonzea mafuta shingoni.

"Sawasawa! Kumbe umeshafika. Tugawane basi, ndugu yangu. Wewe tangi, mimi betri."

"Shuka huko nje, mwizi wewe!"

"Mwizi? Nani, mimi na wewe, au mimi peke yangu?"

"Hapa ni mahali salama!" Sawasawa akafoka, ubao mkononi, na alishangaa kusikia sauti yake ikitetemeka kwa hasira ya kweli. Wakimfyonza huyu mmoja, msafara mzima ungepita! Nyundo alishuka upande wa pili akicheka mpaka akapaliwa. Kuanzia hapo Sawasawa alilizunguka basi lile mpaka kulipokucha, kama kuku anayezunguka yai la pekee.

Asubuhi bibi alitoka amenawa uso, amelala vizuri, anang'aa. Akafungua kufuli mwenyewe, akalisukuma lango likafunguka bila hata kulia, akampa ufunguo. Fundi saa alikuwa tayari ameliwasha basi.

"Mnakwenda darajani kuwaleta?" Sawasawa aliuliza. Macho yake yalikuwa mekundu kama pilipili.

Bibi alipanda, akakaa, akafungua dirisha. "Mwanangu, hakuna msafara."

"Samahani?"

"Hakuna msafara. Tuko sisi wawili na hii soksi."

Sawasawa akashika ukingo wa dirisha. "Na... na mweka hazina?"

"Ndiye huyu," bibi akasema, akimwonyesha mumewe.

Fundi saa akageuza shingo, akamtazama Sawasawa kwa upole mwingi, na akasema neno lake la kwanza katika mji ule. "Sawasawa."

Basi likaanza kusogea. Bibi aliinama dirishani, akapaza sauti isimezwe na kelele za injini. "Zamani tulikuwa tunatafuta watu wema watulinde! Watu wema husinzia, mwanangu, dhamiri yao haina deni! Siku hizi tukifika mji tunamtafuta mwenye maneno matamu kuliko wote. Huyo ukimwonyesha kitu kinachokuja, halali usiku kucha! Lakini nikuambie kweli, wa kukushinda wewe hatujampata! Nitakusemea huko njiani!"

Pua ilikuwa nje, na barabara nyeupe mbele. Sawasawa alikimbia, akageuka kuchukua baiskeli, akakumbuka iko kwa fundi, akasimama. Soksi ile ilimpungia mkono mpaka kwenye kona.

Mchana kutwa alikaa kibandani. Hakuwa na chumba, hakuwa na baiskeli, na hata hasira haikumjia vizuri, maana kila alipoianza aliisikia ile "Sawasawa" ya fundi saa na kicheko kikamtoka bila ruhusa.

Jioni dada yake akaja na hatua za mtu aliyekuja kupigana. "Godoro langu! Birika langu! Na kandili! Mtoto ameshafika, analazwa kwenye..." Aliangalia ua uliofagiwa, majani yaliyofyekwa sawa, lango jipya, na kaka yake ameketi mbele yake na ufunguo mkononi na malengelenge viganjani. Alimshika mkono mmoja, akaugeuza, akaugeuza tena, jinsi anavyokagua shuka kutafuta doa.

"Haya umeyapata wapi?"

"Kwenye fyekeo."

"Wewe?"

"Mimi, dada. Nilitapeliwa."

Angeeleza zaidi, lakini honi ililia. Lori lenye mzigo wa saruji lilikuwa limesimama langoni, na dereva wake, macho yakimfumbika kwa uchovu, alikuwa ametoa kichwa nje.

"Ni hapa kwa yule mlinzi asiyelala? Nimekutana na bibi mmoja wa basi la mapazia. Anasema safari nzima hajalala usingizi kama wa hapa. Kaka, niambie kweli, nina mzigo wa watu. Ni salama?"

Sawasawa alifungua mdomo. Maneno matamu yalijipanga kama kawaida, ya mto unaofurika na kengele ya mzee kiziwi. Akaangalia ukuta, lango, kufuli. Kila alilotaka kudanganya lilikuwa kweli tayari.

"Ni salama," akasema. "Uso nje, kisogo ndani. Ufunguo utalala nao wewe."

Dereva aliingiza lori akishukuru. Dada mtu akaliacha godoro kibandani, akalitandika, akaliwasha kandili bila kuulizwa. Kisha akasimama mbele ya kaka yake na kumwita kwa lile jina la ubatizo, na safari hii hakuwa amekasirika.

"Kesho asubuhi utakwenda kwa mzee mwenye kiwanda. Utamwambia umelinda mali yake na unaomba kazi. Utamwambia ukweli."

Sawasawa alikuna kichwa. "Wote?"

Dada aliliangalia lango, akalipiga teke kidogo kulijaribu. Halikutikisika.

"Anzia kwenye fyekeo," akasema. "Ya nyuma ya hapo nitayaombea mimi."