Kilo Kumi za Uendelevu

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Kikao cha idara, saa nne asubuhi. Mkuu wa Kitivo katangaza kwamba kila kozi sasa lazima ifundishe uendelevu. Yaani tuwafundishe vijana kutunza maji, umeme, udongo na karatasi, hata kama somo lenyewe ni hesabu. Kamati itakaa Ijumaa. Kozi isiyo na uendelevu itatolewa kwenye orodha ya kozi za lazima. Alisema hivyo akinitazama mimi. Au alitazama saa ya ukutani juu ya kichwa changu. Hapana, mimi!

Takwimu ya Kwanza! Miaka kumi na tisa naifundisha. Mwaka huu nina wanafunzi tisa, na hao tisa wanakuja kwa kuwa ni lazima. Ikiwa ya hiari, nitabaki mimi na ubao.

Mkuu akauliza kama kuna yeyote aliyekwisha kuanza. Akasimama Bi Mizani. (Jina nimempa mimi. Hatembei bila mizani.) Anafundisha Kemia, chumba chake kinatazamana na changu, na ana miaka miwili tu hapa. Wanafunzi wake hupima mabaki ya chakula ya kantini, kisha wanasoma jinsi yanavyogeuka mboji. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, kwa vidole viwili. Mkuu akamwita "mwanangu". Mimi ananiita "wewe wa takwimu".

Nina wivu. Nimeandika, basi, hakuna atakayesoma. Nimemweleza mke wangu yote. Akasema huyo mama anaonekana ana akili. Nikasusa chakula. Baadaye nikala, lakini bila furaha.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimepata njia! Nimefungua muhtasari wa kozi kwenye kompyuta na kuiamuru ichomeke neno "endelevu" kila inapowezekana. Wastani endelevu. Jedwali endelevu. Kazi ya dakika ishirini. Bi Mizani alihangaika mwaka mzima na maganda ya viazi!

Nikampa karani wa idara aupitie. Akauliza makosa endelevu ni makosa gani. Nikamwambia ni istilahi ya kitaalamu. Akasema basi ofisini kwake yapo mengi.

Saa sita mlangoni: hodi, shikamoo mwalimu. Wanafunzi wa Bi Mizani, na mizani yao. Wiki hii wanapima karatasi zinazotupwa katika kila chumba cha idara. Leo wanapima, keshokutwa wanapima tena, Ijumaa chati inakwenda mbele ya kamati. Nikataka kuwafukuza. Kisha nikatazama ndoo yangu: karatasi mbili na ganda la ndizi. Nikawapa kwa mikono miwili. Gramu kumi! Wakasema hongera mwalimu, hakuna chumba kilichotupa kidogo kama hiki. Bi Mizani mwenyewe kilo moja na nusu.

Nimemshinda kwenye mchezo wake mwenyewe! Nimetembea ukumbini mara tatu bila shughuli yoyote, ili nionekane.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Siku mbaya. Nianze mwanzo.

Niliamua kamati isipewe muhtasari mwembamba. Ipewe kitabu. Kurasa sitini na nne, nakala thelathini. Wajumbe ni kumi na mmoja, zilizobaki ni za tahadhari. Upande mmoja wa karatasi tu, maana pande mbili wino hupenya na mjumbe mzee huumia macho. Fundi wa fotokopi akauliza kama naoza binti. Nikamwambia achape tu.

Akachapa. Mstari wa mwisho wa kila ukurasa umekatika! Katika takwimu mstari wa mwisho ndio jibu. Kurasa sitini na nne za maswali, hakuna jibu hata moja. Nikamwambia arudie. Akanifungulia kabati: tupu. Nimemaliza karatasi za idara nzima, nyingine zitakuja Jumatatu.

Nikarudi chumbani na maboksi mawili, na kesho wanakuja kupima. Chati yangu nzuri! Gramu zangu kumi! Nikakaa nikizitazama zile karatasi.

Ndipo nikakumbuka kwamba Bi Mizani hafungi mlango saa ya chakula. Anaamini watu. Safari nne nilifanya. Ndoo yake ikajaa, zilizobaki nikazisukuma chini ya meza. Safari ya mwisho nikakutana na mama mfagizi ukumbini. Akauliza, mwalimu, unahama? Nikasema namsaidia mwenzangu. Akasema Mungu anibariki. Nikaitikia amina.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Wamepima. Nilifungua mlango kidogo nisikie. Chumba changu gramu sita. Chumba cha Bi Mizani karibu kilo kumi! Mwanafunzi aliyesoma alirudia mara mbili. Nikatoka kumpa pole. Nikamwambia ndiyo dunia, kuhubiri ni rahisi. Akanitazama muda mrefu. Aibu, bila shaka.

Nimekwenda nyumbani nikipiga mluzi. Mke wangu akauliza nimeokota nini. Nikamsimulia yote, na safari nne nikamwonyesha jinsi nilivyotembea kwa vidole. Hakucheka. Akauliza kila karatasi imeandikwa nini. Muhtasari wangu, nikasema. Na juu ya kila ukurasa? Nikasema kama kawaida: jina langu kamili, cheo na namba ya chumba. Nimeandika hivyo tangu mtu aliponiibia zoezi, mwaka wangu wa kwanza kazini.

Mluzi ukakatika.

Mke wangu akasema njia ya mwongo ni fupi. Akaniongezea mboga. Huruma yake iliniuma kuliko kama angenigombeza.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Nilifika wafagizi wakiwa ndiyo kwanza wanafungua milango, ili nizitoe. Meza ya Bi Mizani, chini: hakuna kitu. Ndoo: tupu. Nimekwisha! Zimepelekwa kwa Mkuu kama ushahidi. Nikaanza kutunga barua ya kujiuzulu. Nikaiacha, karatasi hakuna.

Saa tatu kamati ikakaa. Mimi mikono mitupu, kozi yangu ya nne kwenye orodha. Mezani, mbele ya kila mjumbe, kuna daftari jipya lililoshonwa kwa uzi. Nikafungua la jirani yangu. Ukurasa mweupe. Nikageuza. Jina langu kamili, cheo na namba ya chumba!

Bi Mizani akasimama. Akaonyesha chati, vyumba vyote, na mnara mmoja mrefu: chake. Akasema kwamba karatasi zile alizikuta chumbani mwake na kwamba mama mfagizi alimweleza aliyezileta alikuwa anamsaidia. Wanafunzi wake walishinda jana jioni nzima wakishona madaftari, kwa sababu kwa bahati njema karatasi zilichapwa upande mmoja. Akanishukuru mbele ya wote. Watu wakapiga makofi. Nikainuka, nikaketi, nikainuka tena. Kama alikuwa akinikejeli, uso wake haukuonyesha. Nilimchunguza sana.

Hakuketi. Akasema ana shida. Wanafunzi wake wakipima kitu kimoja mara tatu hupata majibu matatu, na hawajui washike lipi. Wanahesabu mboji na karatasi bila kujua wamekosea kiasi gani. Alisema alisoma kurasa zilizochapwa za daftari moja mpaka usingizi ukampitia, na kwamba ukiacha neno moja lililojirudia mno, humo ndimo mna kile wanachokosa. Akaomba Takwimu ya Kwanza ibaki ya lazima, na wanafunzi wake wote waje kwangu, tufundishe pamoja.

Kamati ikakubali kwa dakika mbili. Kozi yangu imepona!

Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi, kama mpaka mlangoni. Hapo nikasikia Mkuu akimwambia, mwanangu, umefanya jambo kubwa. Mimi akaniambia, na wewe wa takwimu, asante kwa karatasi.

Mke wangu ameniambia Jumatatu niende nikamshukuru huyo mama, nimweleze na ukweli. Nimesema nitafikiri.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Sikumshukuru asubuhi, tulikuwa na darasa la kwanza la pamoja. Viti havikutosha! Wengine walisimama ukutani. Binti mmoja akauliza kwa nini mizani ile ile, ndoo ile ile, inatoa majibu tofauti. Miaka kumi na tisa nimengoja mtu aniulize hivyo. Nilizungumza dakika arobaini bila kutazama karatasi, chaki ikanivunjikia mkononi. Bi Mizani aliketi nyuma, anaandika kila ninachosema.

Kengele ilipolia, nikawa naelekea kwake. Naapa nilikuwa naelekea kwake, na neno asante lilikuwa tayari mdomoni. Yule binti akanipita. Akamshika mkono Bi Mizani na kumshukuru kwa kuwaletea mwalimu mzuri hivi.

Kuwaletea! Kwani mimi ni mzigo? Nilikuwa hapa kabla yake! Na kwa nini anaandika kila ninachosema? Mwaka ujao atafundisha takwimu mwenyewe, na mimi nitakuwa wa kushika ndoo. Sasa nimemwelewa. Hapa hapana wema, hapa mtu ananyang'anywa kozi kwa tabasamu.

Karatasi mpya zimefika leo. Nimeandika barua ya malalamiko kwa Mkuu wa Kitivo. Kurasa nane, nakala arobaini, upande mmoja. Zitakazoharibika najua pa kuziweka, bado hafungi mlango saa ya chakula.

Na mtu mzima hukosea mara moja tu. Safari hii jina langu sikuliweka juu ya kila ukurasa. Nimeliweka chini, na saini.