Bastola ya Lango na Mafuta ya Upako

Jumatatu, tarehe 7 mwezi wa saba

Baridi kali. Mawese yameganda tena ndani ya chupa, kama kila mwezi wa saba hapa Likasi. Nimeiweka chupa kando ya mbabula, jiko letu la makaa, mpaka ikalegea, ndipo nikaunga sombe, mboga ya majani ya muhogo. Mume wangu Casimir amekula haraka, ana suruali za harusi za kushona. Nimesali. Nimekwenda kazini kwa miguu.

Sasa habari yenyewe. Bastola imefika!

Ni ya depo yetu ya sementi na chokaa, ile ninayolinda lango lake. Patron Clovis, mwenye depo, ameipata na karatasi zake zote za serikali. Moja tu. Nyeusi, ndogo kuliko kiatu changu, nzito kama pasi ya makaa. Itavaliwa na mtu mmoja, chef de poste, mkubwa wa lango. Huyo ndiye atakayepanga zamu za wote. Tunaoshindana ni wawili, mimi na Banza, mlinzi mwenzangu. Risasi zinabaki ndani ya sanduku la chuma la patron mpaka ajue nani ana akili. Nimeona ni neno la hekima, hasa nikimtazama Banza.

Hapa naandika wazi, hakuna anayesoma. Bastola siitaki. Naitaka Jumapili. Jumapili hii ni sikukuu ya shukrani kanisani, na ubeti wa pili wa wimbo mkubwa ni wangu tangu binti yangu Bénie alipokuwa mgongoni. Zamu imeniweka langoni siku hiyo. Mama Josée wa kwaya ameshaanza kujizoeza ubeti wangu. Hata akikohoa, anakohoa kwa sauti yangu.

Mwalimu wetu ni Adjudant Tshimanga, mwanajeshi mstaafu mwenye tumbo la heshima. Ametandika kitambaa cheupe mezani. Kwanza unatoa chargeur, kile kisanduku cha risasi. Unavuta chuma cha juu nyuma. Unaangalia chumba cha risasi kama ni kitupu, halafu unatia kidole, maana jicho ni mwongo. Unafanya hivyo hata kama umeangalia sasa hivi, hata kama ni mama yako mzazi aliyekupa. Mtutu utazame ukuta, usitazame tumbo lake. Ndipo unafungua, unapiga brashi, unapitisha kitambaa. Mwisho, mafuta. Mepesi, kama ya cherehani. Akanitazama mimi. "Tone moja, mama. Hatupiki."

Banza amecheka sana. Anasema yeye alikaa karibu na jeshi. Nikamuuliza karibu namna gani. Kumbe alikuwa anauza beignets, maandazi, mlangoni pa kambi.

Mtihani uko hivi. Banza atasafisha Jumatano jioni, akaguliwe Alhamisi alfajiri. Mimi Ijumaa jioni, nikaguliwe Jumamosi. Kila mtu na mafuta yake.

Jumanne, tarehe 8

Bastola haitoki depo. Na mikono inataka chuma cha kujifunzia. Casimir alikwenda kumpima mteja. Cherehani ilikuwa imekaa pale, kimya.

Nimefuata mafundisho yote. Nimeielekeza ukutani. Nimeangalia ndani, halafu nimetia kidole. Sindano imenichoma. Nimetoa gurudumu, bamba, bobini, springi. Nimevipanga juu ya kitambaa cheupe, yaani suruali moja ya bwana harusi. Nimepiga brashi ya meno. Nimerudisha kila kitu kwa maombi.

Springi moja ndogo imebaki mezani. Nikafikiri, mafundi wa Ulaya ni watu wa akiba.

Casimir amerudi, amekaa, amekanyaga. Cherehani imeenda kinyumenyume, ikala mguu wa suruali. Akauliza kuna nini. Nikasema ni baridi. Akauliza tena, safari hii hakuniita mama Bénie, ameniita Philomène. Halafu ameikuta springi chini ya Biblia yangu.

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Amechukua kichupa chake cha mafuta ya cherehani, amekitia mfukoni, na amelala nacho.

Mafuta yale yale niliyoyahitaji!

Alhamisi, tarehe 10

Bwana ni mwema. Banza amejikwaa.

Jana jioni aliifungua bastola akiwa amefumba macho, huku anapiga mluzi. Chumba cha risasi hakukiangalia. Adjudant alimpiga vidole kwa rula kama mtoto wa darasa la kwanza. Leo alfajiri Adjudant amepitisha leso nyeupe ndani ya mtutu. Imetoka nyeusi kama sehemu ya chini ya sufuria ya bukari, ugali wetu. Banza akasema ile ni rangi ya bastola yenyewe, inachuja. Adjudant akamuuliza kama anamwona yeye ni dobi. Halafu amebonyeza kifyatulio, tupu. Ikalia tk. Akasema ni chafu, lakini inaitika.

Basi ninachohitaji ni leso nyeupe tu. Mimi, mwanamke aliyefua nepi za watoto watano! Banza, anayeniita yaya, yaani dada mkubwa, ameniambia, "Yaya Philo, ulete na sabuni." Nikamjibu sabuni nimemwachia yeye, aanze na shingo.

Imebaki shida ya mafuta. Nimemkaangia Casimir karanga, nimemwomba kwa sauti ya upole. Alikuwa chini ya meza na cherehani yake, miguu tu inaonekana. Akasema kama ni mafuta nataka, jikoni kumejaa.

Alisema kwa hasira. Lakini Mungu anasema hata kwa kinywa cha mume aliye chini ya meza. Nimekaa, nimetafakari. Mafuta ya jikoni, hapana, mimi si mwenda wazimu. Lakini kuna mafuta mengine. Mafuta ya upako. Yaliyoombewa. Banza atayapata wapi?

Ijumaa, tarehe 11

Saa ya mapumziko nimepita kwa Pasta Éphraïm. Nimemwambia nina kitu kigumu, kinataka kupakwa. Akauliza kama ni mume. Nikasema ni cha chuma. Akasema anawajua waume wengi wa namna hiyo. Amenijazia kichupa kutoka chupa kubwa ya chumba cha maombi, inayokaa dirishani penye jua.

Ile chupa kubwa naijua vizuri. Sisi mama wa huduma ndio tunaoijaza. Noeli iliyopita mafuta ya mzeituni yalikosekana sokoni, ikabidi nilete mawese yangu, nikayachemsha mpaka wekundu ukakimbia, nikayachuja kwa kitenge kipya. Pasta akayaombea. Hakuna aliyeona tofauti. Tangu hapo yamempa dada mmoja visa na mwingine mume.

Kichupa nimekibeba kifuani mchana kutwa, kwa ajili ya baridi na kwa ajili ya macho ya Banza.

Jioni nimefanya kazi yangu. Chargeur nje. Jicho. Kidole. Jicho tena. Kidole tena. Adjudant akasema inatosha, mama, hakuna aliyeingia humo tangu dakika ile. Nimepiga brashi mpaka bega likauma. Leso ya mwisho imetoka nyeupe kama surplisi, kanzu ya kwaya. Adjudant ameinamisha kichwa kwa heshima, amekwenda kula.

Ndipo nimetoa kichupa. Mafuta yalikuwa ya moto kama chai, mepesi kama maji. Nimetia tone moja, kama nilivyofundishwa. Nikaliangalia. Tone moja, kwa Jumapili kubwa namna hii? Nimeongeza moja kwa ajili ya ubeti wa pili. Moja kwa ajili ya ndoa ya Bénie. Na yote yaliyobaki kwa ajili ya moyo wa Casimir.

Imeng'aa kama kipara cha mzee wa kanisa siku ya ubatizo. Ukivuta, inateleza yenyewe. Nimeifungia kabatini. Karibu nimhurumie Banza. Karibu.

Jumamosi, tarehe 12

Naandika polepole, na sababu zitaonekana.

Alfajiri. Baridi ya kukata masikio. Patron Clovis amekuja na kofia ya sufu, Banza na mdomo wake. Adjudant ametoa bastola kabatini, amevuta chuma cha juu. Kimekataa. Amevuta kwa mikono miwili. Kimekwenda, lakini kama bibi anayeinuka kwenye benchi, na kilipofika nyuma kikabaki huko kupumzika. Amekisukuma kurudi kwa dole gumba. Amebonyeza.

Kimya.

Tumengoja. Patron akauliza tunangoja nini. Ndipo tukasikia kitu kidogo ndani, mlp, kama mtu anayemeza tonge.

Adjudant ameinusa. Akauliza nani amepika. Amekwangua kwa ukucha, kikatoka kitu cha manjano, kigumu, kama siagi. Banza akakichukua na, mbele ya patron, amekilamba.

"Mawese," akasema. "Inakosa chumvi."

Hapo ndipo nimeiona kichwani chupa yangu kando ya mbabula, ile ya kila asubuhi. Hakuna mwanamke wa Likasi asiyejua habari ya mawese na mwezi wa saba. Hata mtoto anajua. Nilijitetea kwamba yale si ya kupikia, ni ya upako, yameombewa. Adjudant akavua kofia. Halafu akaivaa tena. Akasema ameona bunduki zilizozama mtoni, ameona zilizozikwa kwenye tope, ila iliyokaangwa ndiyo mara ya kwanza. Banza alicheka mpaka akakalia mifuko ya sementi, akainuka na makalio meupe, bado anacheka.

Hukumu: ya Banza ni chafu, inaitika. Ya mama ni safi, imelala. Patron amemfanya Banza chef de poste.

Moyo wangu umeshuka mpaka kwenye viatu. Si kwa ajili ya bastola. Nilikuwa namsikia Josée akiuanza ubeti wangu, na akiuanza anauburuta. Nimekwenda kusimama langoni, mgongo kwao, nikajifanya naangalia barabara ya Kakontwe.

Banza amenifuata. Bastola kiunoni, tupu bado, na tayari anatembea kama mtu mwenye jipu pajani. Amesema amepanga zamu yake ya kwanza. Jumapili ndiyo siku ambayo chef anasafisha bastola. Siku hiyo anataka niwe mbali na depo. Si Jumapili hii tu, zote. Mwanzo nilidhani ni matusi.

"Yaya Philo, uende kanisani. Uende mapema. Na kile kichupa uende nacho."

Nimemwambia arudie. Amerudia. Nimemkumbatia, bastola ikaniumiza mbavu, akapiga yowe kwamba nisiiguse.

Nimerudi nyumbani nikiimba njia nzima. Casimir ametoka mlangoni. Cherehani imepona, inakwenda mbele. Nikamwambia nimeshindwa, nimepata Jumapili zote. Akasema mama Bénie, wewe peke yako ndiye unayeweza kushindwa namna hiyo. Akanipa kiti.

Jumapili, tarehe 13

Nimeimba!

Ubeti wa pili, wote, mpaka mama wa nyuma wakasimama na vitambaa. Josée alikohoa mara moja, lakini alikuwa amechelewa. Casimir alivaa suti, akapiga makofi kabla ya wakati, nikamsamehe kichupa chake.

Kisha nimetoa ushuhuda. Nimewaambia ukweli wote: niliomba Jumapili moja, nikatia mafuta, nikapewa Jumapili zote. Yaliyoganda ni bastola, baraka haikuganda. Kanisa limeshangilia. Casimir ameangalia dari. Dada watatu wameniuliza kwa sauti ndogo kama yanafaa kwa kufuli, kwa mwenye nyumba, kwa magoti. Nimesema yanafaa.

Jambo moja limeniudhi. Katikati ya ubeti wangu, kinanda cha kanisa kimekwama. Kidude kimoja cheupe, Cédrick, mpiga kinanda wetu, anakibonyeza, hakiinuki. Ni baridi, akasema. Namjua mtu mwingine aliyesema hivyo.

Naandika hapa hapa, kwenye benchi la mbele. Wote wako nje wanakula, Cédrick pia. Nimefungua kifuniko cha kinanda. Ndani kuna springi na vyuma vidogo, kama vingine vyote. Nimekielekeza ukutani. Nimeangalia, halafu nimetia kidole, hakuna sindano. Kichupa kipya cha Pasta Éphraïm kiko kifuani tangu asubuhi, kimepata joto vizuri.

Ijumaa niliogopa, nikatia kidogo. Safari hii nitatia ya kutosha.