Barafu kwenye Ndoo ya Bahari

Jumatatu, 3 Machi
Mjukuu wangu anapanda meli! Miezi mitatu, kupima joto la bahari. Nimemlea tangu hajaota jino. Nimesema sitaki. Kaniambia ati bahari inameza joto la moshi wetu, mikondo yake inalisambaza, na siku ikishiba hali ya hewa inageuka ghafla. Nikamwambia mimi nikishiba nalala. Kacheka. Mimi sikucheka. Bahari haina pa kushika.

Jumanne, 4 Machi
Chakula hakipiti. Lakini akili imekuja! Si kila asubuhi nachota ndoo ya maji gatini, natia kipimajoto, naandika namba? Ndiyo kazi tuliyopewa na ofisi ya mjukuu, mimi na jirani Fundi Viatu. Mimi ncha hii ya gati, yeye ncha ile. Basi, bahari ikipoa, meli ya nini?

Jumatano, 5 Machi
Barafu vipande viwili ndooni. Ishirini na nne! Fundi Viatu akachungulia daftari langu. Akasema yake ishirini na tisa, labda macho yangu yamechoka. Nikamuuliza kama ni macho yake yaliyomshonea mwalimu viatu viwili vya mguu wa kushoto.

Alhamisi, 6 Machi
Vipande vinne. Ishirini na moja! Mjukuu kaja mbio, kauliza kama nina hakika, maana namba moja ya uongo inapotosha wengi. Nikasema ninayo. Kaamini papo hapo. Mimi husema ukweli hadi watu wanahama.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Mkuu wa ofisi yao kaja mwenyewe, kanishika mikono yote miwili. Gati moja, ncha moja moto, nyingine baridi: hajaona tangu aanze kazi. Huenda mkondo umegeuka. Lazima wachunguze. Safari sasa miezi minane! Mjukuu kanikumbatia, kaniita mke mwenza kwa utani wetu, kasema nimemfungulia njia. Fundi Viatu naye kauliza kama friji yangu imebakiza barafu. Ati ana kiu. Nyoka!

Jumamosi, 8 Machi
Nimekwenda kukiri. Nimefika mlangoni, nimemkuta mjukuu anakunja sweta nililomfumia, anaimba. Nikageuka, nikarudi nyumbani. Miezi minane, mtoto wangu, juu ya maji!
Nimekaa, nimefikiri, kosa langu nimeliona. Nilipoza mno.
Kesho naenda na birika. Wakiona bahari inachemka, nani atathubutu kumpandisha mtoto melini?