Haragi la Mwisho Mfukoni

Jumatatu, tarehe 10 Novemba

Msiba. Prof Léonard wa biolojia ametangaza mjadala: uhai ulitokea kwa bahati tu, ao kuna Aliyepanga? Ni Jumapili hii baada ya ibada, ndani ya kanisa, mbele ya wazazi wote wa Burungu. Tutaanza kwa Kifaransa, tutamaliza kwa Kiswahili ili wazazi wafuate.

Mimi Kifaransa nakiandika vizuri. Kiswahili vilevile. Kusema mbele ya watu ndiyo lugha ambayo hakuna aliyenifundisha. Mwaka jana niliitwa mbele ya darasa, kwenye tablo, nieleze moyo wa chura. Nilisema "Bonjour", nikarudi kukaa. Mpaka leo Élysée, ambaye tunakaa benchi moja, ananiita Mademoiselle Bonjour. Élysée mwenyewe hanyamazi. Nadhani hata akipiga mswaki anahubiri.

Wasemaji watapatikana kwa kura. Maharagi thelathini ndani ya mfuko, kila mmoja anaingiza mkono bila kuangalia. Meupe matatu: utatetea Aliyepanga. Mekundu matatu: utatetea bahati. Yenye madoa ishirini na manne: utakaa na kupiga makofi.

Nataka lenye madoa. Sijawahi kutaka kitu namna hii, hata viatu.

Rafiki yangu Astrid aliuliza mbona naogopa, watu ishirini na wanne kati ya thelathini watanyamaza, hesabu iko upande wangu. Hesabu haijawahi kuwa upande wangu.

Kisha Prof aliuliza mama wa nani analima maharagi. Darasa zima likaninyooshea kidole. Kesho nilete.

Nimetembea mpaka nyumbani polepole. Nafikiri.

Jumanne, tarehe 11 Novemba

Akili! Haragi likilowa linavimba. Basi tangu jana jioni yenye madoa yote yalikuwa ndani ya sufuria ndogo ya Mama, yanakunywa maji. Meupe na mekundu niliyaacha makavu. Asubuhi nikayafuta yale ya madoa kwa sketi yangu mpaka yakaonekana kama mengine. Kidole changu kitajua. Nene na laini: kimya. Jembamba na gumu: mjadala.

Mama aliuliza nani anapika ndani ya sufuria yake ndogo bila kumwambia. Nikajibu ni somo la biolojia. Si uongo.

Nilitia yote ndani ya mfuko mweusi wa nailoni. Prof hakuangalia hata kidogo. Alifunga fundo, akautundika kwenye msumari ofisini kwa prefe, mkuu wa shule, mpaka kesho. Prefe akaonya kwamba atakayegusa fundo hilo atafukuzwa wiki moja na mzazi wake ataitwa. Sawa. Fundo mimi sina haja nalo.

Nimesali pia. Nimemwomba Mungu asaidie mpango. Halafu nikakumbuka mjadala wenyewe unamhusu nani, nikaona haya, nikasema Amina haraka.

Nimefikiria kila kitu.

Jumatano, tarehe 12 Novemba

Prof hayupo. Alienda Kitchanga, mvua imekata barabara, pikipiki imezama kwenye tope mpaka kiti. Kura imesogezwa mpaka Ijumaa.

Si neno. Maharagi hayana miguu.

Ijumaa, tarehe 14 Novemba

Yamepata miguu.

Prof alifungua fundo, akatoa moja kutuonyesha jinsi ya kuchukua. Lilikuwa lenye madoa, na lilikuwa na mkia mweupe. Limeota! Akatoa la pili. Mkia. Wasichana wakapiga kelele. Mama Constance wa somo la dini alikuja mbio toka darasa la pembeni, akatazama, akaweka mkono kifuani. Akauliza nani alifungua mfuko. Hakuna. Nani alitia maji? Hakuna. Akasema basi, tuvue viatu, ni muujiza.

Prof akasema si muujiza, ni ukungu wa Masisi, unaingia hata ndani ya soksi. Mama Constance akajibu ukungu gani unaofungua fundo na kulifunga tena. Prefe naye akaja, akasema kama kuna mwanafunzi nyuma ya jambo hili atamfukuza yeye mwenyewe kwa mikono miwili. Mimi niliangalia dirisha. Dirisha zuri sana.

Prof akafurahi. Akasema maharagi haya ndiyo yatakuwa mfano wetu Jumapili: yaliota yenyewe, ao kuna mkono? Halafu, kwa furaha ile, akayarudisha mfukoni, akaacha kura iendelee. Hakuona kwamba sasa kila kidole darasani kinajua kila kitu! Astrid alipapasa, akapata mkia, akakaa anacheka. Wenye haya wote walipata mkia. Élysée, ambaye anapenda kusema, alitafuta lisilo na mkia, akapata jeupe. Akainua mikono juu kama mtu aliyefunga goli. Wapenda maneno wengine wanne wakafanya kama yeye.

Na mimi? Mimi ni Uwitonze. Orodha inaanza na A.

Nilipofika mbele, mfuko ulikuwa na haragi moja. Nilipapasa hata hivyo. Nilipapasa pembe zote.

Jekundu. Kavu. Gumu kama jiwe.

Kwa hiyo nitasimama mbele ya Burungu nzima kuthibitisha kwamba hakuna aliyepanga maharagi yale yaote. Mimi!

Jumamosi, tarehe 15 Novemba

Mpango mpya: nimepoteza sauti. Asubuhi nilimwonyesha Mama koo kwa kidole, nikapumua kwa huzuni. Ilikuwa rahisi, kwa kawaida sisemi sana.

Mama hakubishana. Alienda kwa Papa Bayingana mwenye ng'ombe, akarudi na siagi ya zamani, ile ya njano inayonuka mpaka barabarani. Akaiyeyusha ndani ya maziwa ya moto. Kikombe kizima. Akasema ninywe, na kikiisha kuna kingine.

Baada ya funda la pili sauti ilirudi. Majirani waliisikia. Mama akaenda kumshukuru Papa Bayingana, na sasa Papa Bayingana anawauzia watu siagi ile kama dawa, akitaja jina langu.

Jumapili, tarehe 16 Novemba

Naandika, kwa hiyo niko hai.

Kanisa lilijaa. Mama alikaa benchi ya pili na kitambaa chake cha sikukuu. Prefe alikaa karibu na mlango, kama mtu anayemngoja mtu.

Niliitwa wa kwanza. Nilijificha nyuma ya karatasi mpaka watoto wakacheka. Kwa Kifaransa nilisema sentensi tatu. Kwa Kiswahili nilisema moja: kwamba yaliota kwa bahati, hakuna mkono wowote. Nikaangalia viatu vyangu. Sijawahi kudanganya watu wengi hivyo kwa mara moja.

Élysée akapanda na sahani yenye maharagi yaliyoota. Alizunguka nayo kama anakusanya sadaka. Akasema haragi halijiloweshi, mfuko ulikuwa umefungwa, na kila mwenye akili ataona kwamba kuna mkono. Alipofika benchi ya pili akasimama, akauliza kwa sauti ya juu: mkono huo ni wa nani? Akaonyesha mbinguni.

Mama akaomba sahani. Akachukua haragi moja, akaligeuza, akasema haya ni yake, ya shamba la chini, madoa haya hayapatikani kwa mtu mwingine. Na Jumanne aliyaona yanalala ndani ya sufuria yake ndogo. Akasimama, akaninyooshea kidole.

"Mukono njo ule pale!"

Kanisa zima likageuka. Prefe akainuka.

Hapo sijui nini kilitokea. Mdomo ulifunguka. Nikasema ndiyo, ni mimi, niliyalowesha ili nijue la kuchukua, ili nisiseme! Nikaeleza kidole, sketi, fundo, tope la Kitchanga, orodha inayoanza na A, hata siagi. Nikasema nilipanga kila kitu ili leo nikae na Astrid nikipiga makofi, na tazameni niliposimama. Kama aliyeumba dunia alipanga kama mimi, basi alikuwa anataka kuumba kitu kingine kabisa! Papa Bayingana alicheka mpaka akashika nguzo. Mama Constance akasema Mungu si mtu wa kulowesha maharagi kwa kuogopa mjadala. Watu wakasema Amina. Mama yangu alijifunika uso kwa kitambaa, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka.

Prof akatoa uamuzi. Upande wa Élysée umethibitisha kwamba aliyepanga yuko. Upande wangu umethibitisha kwamba hakupanga hivi. Alama sawa! Élysée alikasirika kama mtu aliyenyang'anywa ng'ombe.

Prefe alisema hatanifukuza, kwa sababu fundo kweli sikuligusa. Nitapanda maharagi yale nyuma ya shule, nitayapalilia mpaka yazae.

Jumatatu, tarehe 17 Novemba

Msiba mwingine. Shule za Masisi na Walikale zitakutana Kashebere kwa mjadala, na sisi tutatuma wawili. Élysée, bila shaka. Na mimi! Prof anasema nikisimama sina haja ya karatasi.

Nilimfuata nje, nikanong'ona kwamba si haki kwa wengine, afadhali nafasi yangu ipigiwe kura. Akafikiri. Akakubali. Lakini maharagi, hapana tena. Safari hii mawe madogo: moja jeupe la kwenda, mengine meusi ya kubaki. Mawe hayaoti, akasema, na akanitazama sana.

Akauliza darasani nani atayaleta kutoka mtoni.

Kwa mara ya kwanza maishani niliinua mkono.

Ni kweli mawe hayaoti. Lakini yanashika joto. Sasa hivi meusi yote yako ndani ya majivu ya Mama, jikoni. Jeupe liko nje, kwenye baridi. Kidole changu kitajua.

Kura ni kesho asubuhi, ao siku yoyote Prof akipata nafasi. Wataanza na jina la nani? Sikuuliza, ni jambo dogo.

Nimefikiria kila kitu.