Mshika Zamu wa Watu Mia Mbili na Kumi na Nne

Uchovu ulifutwa Karatu siku ya Jumatatu, saa tatu asubuhi, kwa Tangazo Namba Moja la Ofisi ya Kanda ya Uratibu wa Mapumziko. Tangazo lilibandikwa stendi, sokoni na kwenye mlango wa choo cha ofisi yenyewe. Lilisema kwamba kuanzia tarehe hiyo hakuna mwananchi, awe mkulima, mfugaji, mpishi wa hoteli au dereva wa watalii, atakayeruhusiwa kuchoka bila kibali. Mwenye kuchoka atajaza Fomu ya Uchovu, nakala tatu. Atakayekutwa anasinzia hadharani bila fomu atahesabiwa kuwa amechoka kinyume cha utaratibu.

Aliyelichapa tangazo hilo ni Leonida, katibu muhtasi wa ofisi, na siku hiyo alikuwa anatimiza siku ya kumi na tisa kazini bila kupumzika hata Jumapili moja. Hakuna la ajabu hapo. Mapumziko ya kanda nzima hayaji yenyewe, lazima mtu ayafanyie kazi. Leonida alikuwa amekwisha kuchapa Mwongozo wa Mapumziko, kurasa themanini na nne, akaurudia mara tatu kwa sababu Mkurugenzi hakupenda ukubwa wa herufi za jina lake.

Mkurugenzi huyo, Bwana Julius Hhando, alikuwa mtu wa kufikiri. Wenzake walidhani watu wa Karatu na Ngorongoro wanafanya kazi saa nyingi kwa sababu kazi ni nyingi na mikono ni michache. Yeye aligundua kwamba hawajafundishwa. "Pumziko ni taaluma," alizoea kusema, akiwa ameegemea kiti chake kinachozunguka. "Huwezi kumwachia mtu wa kawaida ajipumzikie tu kienyeji. Ataumia."

Kwa kuwa hakutaka wananchi wapewe kitu ambacho hakijapimwa, kabla ya tangazo alijitolea kuyajaribu mapumziko mwilini mwake kwanza. Alikwenda kwenye hoteli moja juu ya ukingo wa kreta, akalala huko siku kumi, akatazama ukungu ukipanda na kushuka, akakandwa mgongo. Aliporudi alikuwa amenawiri, na akaagiza saa zote zile, mia mbili na kumi na mbili, ziingizwe kwenye Rejista ya Mapumziko Yaliyoidhinishwa. Saa za kula alizitoa mwenyewe kwa uaminifu, maana kula alikuhesabu kuwa kazi. Kabla ya hapo rejista ilikuwa tupu. Kwa saa hizo wastani wa kanda ukaacha kuwa sifuri, na taarifa ya ofisi ikayaita mafanikio ya kihistoria.

Halafu, tangazo likiwa bado halijatoka, ikaja tathmini. Mkurugenzi alizunguka na gari la ofisi mpaka Endulen na Olbalbal, vioo vikiwa vimepandishwa kwa ajili ya vumbi, akiandika alichokiona. Mtu aliyekaa aliandikwa anapumzika. Mtu aliyeegemea kitu aliandikwa anapumzika kwa sehemu. Haya hayakuingia kwenye rejista, kwa sababu hayakuwa na kibali. Yaliingia kwenye daftari jingine, lililoitwa Daftari la Mapumziko ya Kujichukulia, na kila aliyemo alipelekewa barua ya onyo.

Ndivyo mambo yalivyokuwa Jumanne asubuhi, Leonida alipobisha mlango wa bosi wake.

Mama yake, Sabina, alikuwa ametolewa Mbulu akaletwa kuishi naye, macho yote mawili yakiwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Ulikuwa mwaka wa nne sasa bibi huyo anamjua mwanawe kwa sauti na kwa kumpapasa mashavu. Ijumaa hiyo madaktari wa macho wangekuja Karatu kwa siku moja, kwenye zahanati ya parokia. Kila mgonjwa alitakiwa aje na ndugu wa kukaa naye mpaka asubuhi ya pili, bandeji zitakapofunguliwa. Asiye na ndugu angerudishwa nyumbani. Mara ya mwisho walipokuja ilikuwa miaka mitatu nyuma, na Leonida alikuwa kazini.

"Mheshimiwa, naomba Ijumaa na Jumamosi," alisema. "Mama anapasuliwa macho."

"Leonida, Leonida." Mkurugenzi alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Unaomba mapumziko wiki ya uzinduzi wa mapumziko?"

"Siyo ya kupumzika, mheshimiwa. Ni ya kumuuguza mama."

"Basi umeharibu kabisa. Kama siyo ya kupumzika, ofisi hii haihusiki."

"Haya, ni ya kupumzika."

"Kama ni ya kupumzika, jaza fomu kama mwananchi mwingine. Hapa hatuna upendeleo. Ila nikukumbushe, Ijumaa kuna kuandika taarifa ya uzinduzi, na Jumamosi kuna tathmini ya taarifa. Sasa wewe ukiondoka, nani atatuandalia?"

Leonida alirudi mezani kwake na hasira. Aliichukua fomu, ile ile aliyoichapa yeye, akaanza kujaza. Jina, kijiji, aina ya uchovu: wa mwili, wa akili, wa kurithi. Alipofika Kifungu cha Kumi na Moja kalamu ikasimama. Mwombaji alitakiwa ataje mshika zamu, yaani mtu wa kufanya kazi yake wakati yeye amepumzika, na mtu huyo awe na akiba ya mapumziko yaliyoidhinishwa isiyopungua saa sitini. Mkurugenzi alikiweka kifungu hicho kwa makusudi mema. Hakutaka mchovu ashikiwe zamu na mchovu mwenzake.

Leonida aliwapitisha moyoni watu wote aliowajua. Jirani yake Dorkasi alipalilia maharage ya ngwara ya watu asubuhi na kufua mashuka ya hoteli mchana. Binamu yake Adrian aliendesha watalii, na mara ya mwisho kuwa ofu ilikuwa wakati gari lilipovunjika springi. Hakuna aliyekuwa na akiba hata ya saa moja.

Wakati bado ameshika tama, wakaingia watu wawili, kila mmoja na barua yake ya onyo. Wa kwanza alikuwa Metui, mfugaji wa Olbalbal aliyekuja na lori la mnadani, shuka begani na fimbo mkononi.

"Takwenya," alisalimia kwa Kimaasai.

"Iko," Leonida akaitika.

"Dada, nimesomewa barua hii sijaielewa. Wanasema nimepumzika kwa muda wa saa saba. Siku gani hiyo?"

Leonida akafungua daftari. "Tarehe tisa. Umeonekana umesimama mguu mmoja, umeegemea fimbo, na ng'ombe mbele yako. Mguu ulioinuliwa umehesabiwa kuwa ulikuwa mapumzikoni."

Metui alifikiri. "Ule mguu ulikuwa na mwiba."

"Hilo halikuandikwa."

"Na huyo aliyeniona, kwa nini hakushuka kwenye gari akanisaidia kuutoa? Tulikuwa tumetembea tangu alfajiri kufuata maji. Ng'ombe hana Jumapili, dada. Wewe mwambie leo usinywe, uone."

Wa pili alikuwa Mwajabu, mama ntilie wa stendi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mabasi. Yeye hakusubiri kuulizwa. "Mimi wameniandika nimekaa kwenye kigoda saa kumi na nne, mapumziko ya kupindukia! Nilikuwa namenya viazi! Gunia zima! Kwani viazi vinamenywa mtu akiwa anarukaruka? Naomba huyo bwana aje kwangu siku moja tu, apumzike kama ninavyopumzika mimi, halafu aniambie."

"Na kwangu," alisema Metui.

Leonida aliwatazama. Kisha akaitazama fomu yake, kisha rejista iliyokuwa wazi pembeni, yenye jina moja tu kwenye mstari wa kwanza na mistari mitupu mpaka chini. Alihisi kitu kikimpanda kifuani ambacho hakuwa amekihisi kwa siku ishirini, na kilikuwa kicheko.

"Kaeni," alisema. "Hapana, msikae, mtaandikwa. Njooni hapa mezani. Mnataka kuomba mapumziko?"

"Nani wa kunichungia?" aliuliza Metui.

"Sheria inasema awe mwenye akiba. Tumtafute mwenye akiba." Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. "Kanda nzima ni huyu. Saa mia mbili na kumi na mbili. Tunaandika hapa: Julius Hhando."

Mwajabu alishika mdomo. "Si ndiye bosi wako?"

"Ndiye mwenye sifa. Mimi nafuata Mwongozo, ukurasa wa hamsini na sita."

Mwajabu hakuwa mtu wa kuweka siri, na ndiyo sababu Leonida hakumwomba aiweke. Meza yake ya chai ilipitiwa na madereva, wapagazi, wafua mashuka, wafyatua matofali na wauza vitunguu wa Mang'ola. Kufikia Jumatano jioni sanduku la fomu lilikuwa limejaa, zilizobaki zikafungwa kwa kamba ya katani. Walikuwa waombaji mia mbili na kumi na wanne, mmojawao Leonida mwenyewe. Alizichapia orodha, akazipeleka kwa Mkurugenzi azipitie kama utaratibu ulivyotaka.

Mkurugenzi aliuinua mzigo ule kwa mikono miwili kuupima uzito. "Unaona? Watu wana kiu na huduma yetu! Hizi ziwekwe mezani kesho mbele ya mgeni rasmi, kamera zizione."

"Hutazisoma, mheshimiwa?"

"Leonida, kesho nina hotuba, lazima niipumzikie kwanza."

Alhamisi, siku ya uzinduzi, uwanja ulijaa. Mgeni rasmi alikuja kutoka makao makuu na magari sita, mama mmoja mrefu mwenye miwani ya jua, anayejua kamera iko wapi hata akiwa ameipa mgongo. Mkurugenzi alihutubia saa moja na nusu juu ya athari za kusimama muda mrefu, wananchi wakiwa wamesimama. Akamaliza kwa kuelekeza mkono kwenye mlima wa fomu.

Mgeni rasmi alipenda mlima ule. "Nataka mfano hai," alisema. "Tusiseme tu. Nitaidhinisha hapa hapa, mbele ya wananchi." Akachomoa fomu moja. "Metui, mfugaji, Olbalbal. Yupo? Mpigieni makofi! Mshika zamu wake ni... Julius Hhando."

Akachomoa nyingine. "Mwajabu, mama lishe. Mshika zamu, Julius Hhando. Ahaa." Akachomoa ya tatu kutoka chini kabisa. "Mfyatua matofali huyu. Mshika zamu... jamani, huyu Julius Hhando ni nani?"

Mkurugenzi alisimama polepole.

"Ni mimi, mheshimiwa. Lakini nadhani kuna..."

"Wewe? Zote hizi?"

"Zote, mheshimiwa," alisema Leonida kutoka meza ya nyuma, kwa sauti ya kikatibu. "Mia mbili na kumi na nne. Orodha hii hapa."

Mgeni rasmi alivua miwani. Kamera zilikuwa zimesogea. Alikuwa na njia mbili tu, kusema kwamba ofisi iliyozinduliwa kwa ving'ora ni upuuzi, au kusema kwamba ni ajabu. Hakuchelewa kuchagua.

"Wananchi!" alipaza sauti. "Kwa miaka yangu yote sijaona kiongozi wa namna hii! Anabeba zamu za watu wake wote! Nimeidhinisha fomu zote. Aanze Jumamosi alfajiri kwa huyu mfugaji, na wapiga picha wawepo."

Vigelegele vilipigwa mpaka mbwa wa sokoni wakabweka. Mwajabu alikuwa anafuta machozi kwa kanga. Mkurugenzi naye alipunga mkono, kwa sababu mkono wake ulizoea kupunga makofi yanapopigwa, ila uso haukujua la kufanya.

Ijumaa aliitumia kutafuta buti. Ofisi ilifungwa siku mbili nzima, na hakuna mwananchi hata mmoja aliyekuja kuuliza imefungwa kwa nini.

Leonida alimfikisha mama yake zahanati saa moja asubuhi, akamshika mkono mpaka mlango wa upasuaji, akasinzia kwenye benchi bila kibali. Jumamosi saa nne nesi akaja kufungua bandeji. Bibi Sabina alipepesa macho mara nyingi, akatazama dirisha, akatazama shuka, halafu akamtazama mwanamke aliyekaa mbele yake.

"Wewe ni Leonida?"

"Ni mimi, mama."

"Mwanangu, mbona umezeeka hivi? Nilikuacha msichana." Akanyoosha mkono akampapasa mashavu kama alivyozoea, macho yakiwa wazi. "Nani amekufanya hivi?"

Leonida akalia. Alilia kwa sauti, pale pale wodini, na hakuona haya. Bado analia simu yake ikaita. Upepo ulikuwa unavuma upande wa pili, na ng'ombe mmoja alikuwa analia pia.

"Leonida? Leonida, nimepanda juu ya kichuguu nipate mtandao. Wananiacha! Hawa ng'ombe hawasimami! Maji yenyewe naambiwa bado ni mbali. Niandikie kibali, tafadhali. Cha leo leo."

"Pole, mheshimiwa. Inabidi fomu, nakala tatu, na mshika zamu mwenye akiba ya saa sitini."

"Si utafute mtu kwenye rejista!"

"Nimeshatafuta. Mwenye akiba umo peke yako."

Simu ikakatika. Bibi Sabina alikuwa amegeuza kichwa.

"Nani huyo?"

"Bosi wangu, mama. Anachunga ng'ombe Olbalbal. Anaomba apumzike."

"Masikini. Amechunga siku ngapi?"

"Tangu asubuhi."

Bibi Sabina alianza kucheka, kwanza kwa mabega, kisha mwili mzima, mpaka kitanda kikagonga ukuta. Nesi akaja mbio kumkataza, maana macho yalikuwa bado mabichi.