Bahasha ya Mzee Torvik

Sogeeni, enyi wenye subira, wekeni chini mlichoshika, kwani nasimulia vita ambavyo havikumwaga damu wala kubomoa ngome, lakini viliitikisa wilaya nzima ya Brandvold kwa uzito wa karatasi moja. Nawe, kumbukumbu, simama nami, nisipunguze theluji hata chembe wala nisiongeze maili.

Ilikuwa saa nane na nusu mchana, Ijumaa, siku ya kumi baada ya uchaguzi, mgeni asiyetarajiwa alipogonga mlango wa nyumba ya mwisho kwenye barabara ya changarawe, kaskazini mwa mji wa Ostby. Mgeni huyo alikuwa Verna Aasland, Mtiisha-Mabasi, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, aliyewapeleka watoto wa Ostby shuleni kwa basi la njano miaka kumi na tisa bila kumpoteza hata mmoja, ingawa wapo aliotamani kuwapoteza. Siku hiyo shule zilifungwa kwa sababu ya theluji, naye akaja na pikapu ya mumewe.

Mlango ulifunguka kiasi cha kupitisha pua. Pua ilikuwa ya Alvin Torvik, seremala mstaafu wa miaka sabini na tisa, ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa plasta ngumu kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko.

"Kama unauza kitu, tayari ninacho," alisema.

"Siuzi, mzee. Nimekuja kwa ajili ya kura yako."

"Nimeshapiga. Nilituma kwa posta."

"Ndiyo. Haijahesabiwa."

Hapa yafaa majeshi yapumzike kidogo, ili nieleze chanzo cha vita. Kiti kimoja cha bodi ya maktaba kiligombewa na wawili. Constance Bauer, Mlinzi wa Rafu, aliapa kwamba jengo la zamani la maktaba ya Ostby halitafungwa akiwa hai. Lyle Haugen, Mpima wa Mambo, alitaka lifungwe na vitabu vihamie mji mkuu wa wilaya, maili ishirini na mbili kusini. Siku ya uchaguzi, vituo vilipofungwa, Constance aliongoza kwa kura tisa, na jeshi lake likakata keki. Kisha zikawasili kura za posta, kwa mwendo wa polepole kama jeshi la akiba lisiloona sababu ya kukimbia, na pengo likashuka hadi kura tatu. Kisha zikaja kura za muda, yaani za watu waliofika kituoni bila kitambulisho, wakapiga hivyo hivyo, na kura zao zikafungiwa kwenye bahasha kando mpaka wathibitishe wao ni nani. Walithibitisha saba. Mizani ikasimama wima: mia tatu themanini na nane kwa mia tatu themanini na nane.

Duniani kote ikabaki bahasha moja. Ilikuwa ya Alvin Torvik, na ilikataliwa kwa sababu sahihi iliyokuwa juu yake haikufanana na sahihi ya leseni yake ya udereva. Alitakiwa afike mwenyewe mbele ya karani, katika mji mkuu wa wilaya, kabla ya saa kumi na moja jioni hiyo, athibitishe kwamba mkono ule ni wake. Asipofika, majina mawili yangetiwa kwenye kofia na moja kuchomolewa.

Verna, askari wa jeshi la Constance, hakuwa na shaka na shabaha yake. Bango la Constance lilikuwa limesimama mbele ya nyumba ya mzee, na huko Ostby mtu aliyechomeka bango uwanjani pake ameshasema yote. Tena Verna alikuwa na sababu yake mwenyewe. Kati ya safari ya asubuhi na ya alasiri ya basi lake, alikaa kwenye meza ya maktaba iliyo karibu na kipasha joto. Hapo, akiwa na miaka arobaini na moja, alisomea cheti cha sekondari alichokikimbia ujanani. Meza ile ingefungwa pamoja na jengo.

Akavuta pumzi, akanena: "Mzee Torvik, wilaya hii leo imeweka hatima yake katika mikono yako."

"Mmoja. Huu mwingine nimevunja."

"Basi katika huo mmoja."

"Ndio niliosainia. Wa kushoto. Wanataka sahihi nzuri, waje wapande ngazi waone kama hawataanguka."

"Walikuandikia barua."

"Barua zote za uchaguzi nawashia jiko. Mwezi wa kumi wote sikuguswa na baridi."

Aliitazama theluji nyuma ya bega la mgeni. "Siwezi kuendesha gari na plasta hii. Na miaka minne iliyopita watu wa kampeni walinipeleka kupiga kura, wakanisahau huko. Nilirudi na lori la maziwa."

"Mimi nitakufikisha kabla ya saa kumi na moja, na nitakurudisha mpaka kwenye mlango huu. Nakuahidi."

"Vyovyote itakavyokuwa?"

"Vyovyote."

Ndivyo kiapo kilivyoapwa, kizingitini, mbele ya shahidi mmoja ambaye ni paka.

Msako wa leseni ulichukua dakika arobaini, nayo ikapatikana kwenye kopo la kahawa chini ya skrubu. Walipoondoka, theluji iliwajia usoni kwa mishale isiyohesabika, na Verna, kwa mikono iliyozoea chombo kikubwa zaidi, akaisukuma pikapu kusini kwa mwendo ambao ng'ombe angeudharau. Maili kumi na sita walizishinda. Kwenye kivuko cha reli wakakutana na adui ambaye hakuna aliyemtarajia: garimoshi la nafaka, mabehewa mia moja na zaidi, likapita taratibu, likapunguza mwendo, likasimama kabisa katikati ya barabara. Ilikuwa saa kumi na dakika tano.

Walikaa. Kipasha joto cha gari kilikoroma.

"Bango lako lilitupa moyo sana," Verna alisema.

"Bango gani?"

"La Constance. Pale mbele ya nyumba."

"Aa, hilo. Si langu. Upepo ulilileta kutoka kwa jirani. Nililikuta limelala, nikalisimamisha. Huwezi kuacha kitu cha mtu kimelala kwenye theluji."

Verna alilitazama behewa lililokuwa mbele yao. "Kwa hiyo wewe ulimpigia nani?"

"Lyle."

Verna alikipangusa kioo, ingawa kilikuwa safi.

"Paa la maktaba ile nililipiga misumari mimi," Alvin alisema, "mwaka sabini na moja. Nilikuwa kijana na nilikuwa na haraka. Nimewaambia, hawasikii, wanasema limesimama miaka yote hii. Kila theluji ikianguka nakaa dirishani nawaza watoto wangapi wako chini yake."

"Mimi hukaa chini yake kila siku."

"Basi kaa karibu na mlango."

Simu ikaita. Alikuwa Constance. "Verna, umempata?"

"Nimempata."

"Yuko upande wetu?"

"Yuko kwenye gari. Ameshampigia Lyle, Connie. Tumesimamishwa na treni."

Kisha Mlinzi wa Rafu akasema polepole, "Barabara ni mbaya leo. Hakuna atakayekulaumu ukichelewa. Kwenye kofia tuna nusu kwa nusu."

"Nilimwahidi."

"Hukujua."

"Sikumuuliza," Verna alisema, na akakata simu.

Sasa, enyi mnaopenda majemadari, mtazameni huyu. Hakutakiwa kutenda uovu wowote. Alitakiwa tu awe mwangalifu kidogo kupita kiasi, kama dereva mwema katika theluji. Aliiona meza yake na kipasha joto, na dirisha ambalo nyuma yake alijifunza hesabu za sehemu akiwa mtu mzima. Saa kumi na dakika thelathini na nane garimoshi lilijinyoosha, likaondoka, na kizuizi kikainuka. Verna aliweka gia. Alivuta kamasi mara moja tu, na Alvin akajifanya anatafuta kitu kwenye mfuko wa koti.

Saa kumi na dakika hamsini na sita waliingia ofisini, Verna akiwa amemshika mzee kiwiko cha mkono mzima. Karani Gladys Moen alilinganisha uso na leseni, akamsogezea fomu. Mzee Torvik aliishika kalamu kwa mkono wa kushoto kama mtu anayeshika nyundo, akaandika jina lake mbele ya watu kumi na mmoja waliozuia pumzi, na maandishi yalikuwa mabaya kupita yale ya kwanza.

"Ni yeye," Gladys alitangaza. Kisha akaikata bahasha ya pekee iliyobaki wilayani na kusema kwa dhati, "Nawakumbusha kwamba kura ni siri."

Lyle Haugen alishinda kwa kura moja. Constance alimpa mkono, akafunga vifungo vya koti lake hadi juu, akawaita wenzake nyumbani kwake, ambako chakula cha moto kilisubiri. Alimpita Verna bila kumtazama.

"Nenda na watu wako," Alvin alisema. "Lyle atanirudisha."

"Lyle hakuahidi."

Maili ishirini na mbili upepo ulifuta barabara, na wawili hao hawakuzungumza zaidi ya maneno kumi, manane yakiwa ya kuonyesha kingo za madaraja. Na wanahistoria waandike haya, hata kama wataandika kwa herufi ndogo: kwamba saa moja kasoro dakika kumi jioni, Verna Aasland, Mtiisha-Mabasi, aliyeshindwa siku hiyo kwa kura aliyoibeba mwenyewe, alimvusha mzee Alvin Torvik kwenye barafu ya uwanja wake hatua kwa hatua, akamfikisha mlangoni, akarudi garini, na akasubiri huku injini ikinguruma mpaka taa ya jikoni ilipowaka.